Upasuaji: kiasi tunacho, asili hatuna

Daftari la chumba cha upasuaji katika hospitali nyingi za wilaya hapa Tanzania ni kitabu kipana chenye jalada gumu, na safu zake hazitofautiani sana kokote utakakokwenda: tarehe, jina la mgonjwa, umri, jinsia, ugonjwa, aina ya upasuaji, jina la aliyepasua, jina la aliyetoa usingizi au ganzi, na pembeni kabisa kulia, matokeo. Nimefungua madaftari hayo katika mikoa kadhaa. Safu ile ya mwisho mara nyingi imeandikwa neno moja kutoka juu ya ukurasa hadi chini: "mazuri". Huandikwa mgonjwa akiwa bado kwenye kitanda cha magurudumu, hajatolewa hata mlangoni. Mwisho wa mwezi mtu wa takwimu huhesabu mistari, hujumlisha, na namba hiyo hupanda kwenda halmashauri, mkoani na wizarani kama ushahidi kwamba wananchi wamepata huduma ya upasuaji.

Msimamo wangu ni kwamba namba hiyo inapima kazi ya hospitali na haipimi upatikanaji wa upasuaji. Upatikanaji ni sehemu, kama zile tulizofundishwa shule ya msingi, yenye kiasi juu na asili chini. Kiasi ni watu waliopasuliwa kwa wakati, wakapona, na hawakuuza shamba ili walipie. Asili ni watu wote waliohitaji kupasuliwa, wakiwemo ambao hawakuonekana hospitalini hata siku moja. Kiasi tunacho, tena kwa mapengo. Asili hatuna kabisa. Nchi isiyo na asili inaweza kufungua vyumba vipya vya upasuaji kila mwaka, mistari kwenye daftari ikaongezeka, na bado isijue kama mtu wa Nkasi au wa Nanyumbu ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko aliyokuwa nayo miaka kumi iliyopita.

Dunia nayo ilichelewa kuhesabu. Kwa miongo mingi afya ya umma katika nchi maskini ilimaanisha chanjo, malaria, kifua kikuu na baadaye UKIMWI, na upasuaji ukachukuliwa kuwa anasa ya hospitali za mijini. Halfdan Mahler, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliwaeleza madaktari wa upasuaji waliokutana Mexico mwaka 1980 kwamba watu walio wengi duniani hawafikiwi na upasuaji wenye ujuzi, na kwamba ni machache yanayofanywa kulitatua hilo. Ilipita miaka 35 ndipo Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ikatoa ripoti yake, Aprili 2015, na mwezi uliofuata Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio linaloutambua upasuaji wa dharura na wa lazima, pamoja na huduma ya usingizi, kuwa sehemu ya afya kwa wote. Tume ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoumudu pale wanapouhitaji, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinapungukiwa upasuaji milioni 143 kila mwaka. Upasuaji uliokuwa ukifanyika duniani ulikadiriwa kuwa milioni 313 kwa mwaka. Nchi maskini zaidi, zenye zaidi ya theluthi ya watu wote, ziliambulia asilimia 6.

Tume ikapendekeza viashiria sita, na ndivyo vilivyokuja kuongoza mipango ya kitaifa, ukiwemo wa Tanzania wa 2018 hadi 2025 unaohusu upasuaji, uzazi na huduma ya usingizi. Cha kwanza ni asilimia ya watu wanaoweza kufika ndani ya saa 2 kwenye hospitali yenye uwezo wa mambo matatu: kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukachomoza nje ya ngozi. Yalichaguliwa hayo kwa sababu hospitali inayoyaweza matatu kwa kawaida inayaweza na mengine mengi. Saa 2 nazo zina sababu yake, kwa kuwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda huo. Cha pili ni idadi ya madaktari bingwa wa upasuaji, usingizi na uzazi, lengo likiwa 20 kwa kila watu 100,000. Cha tatu ni idadi ya upasuaji, lengo 5,000 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Cha nne ni vifo baada ya upasuaji. Viwili vilivyobaki vinahusu fedha: wangapi wanalindwa wasitumbukie kwenye umaskini, na wangapi wanalindwa wasitumie sehemu kubwa mno ya kipato cha kaya.

Naviheshimu viashiria hivi. Bila hivyo waziri wa fedha asingekuwa na namba hata moja ya kuulizwa. Lakini kila kimoja kinakusanywa kivyake, kutoka chanzo chake, kuhusu watu wake. Ramani inatoa saa, rejista ya madaktari inatoa wataalamu, daftari la upasuaji linatoa idadi, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya unatoa umaskini. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja anafuatwa tangu anapoondoka nyumbani hadi anaporudi.

Hilo si jambo dogo, na hesabu fupi inaonyesha kwa nini. Tuseme katika mkoa fulani asilimia 80 ya watu wanaishi karibu vya kutosha na hospitali, asilimia 80 wanahudumiwa na hospitali yenye watu na vifaa, asilimia 80 wangepasuliwa kwa usalama, na asilimia 80 wanamudu gharama. Ripoti ya mkoa huo itasomeka vizuri sana. Ni wangapi wanaopita milango yote minne? Kama wanaokwama ni watu walewale kila mlango, maskini wa vijiji vya mbali, basi wanaopita ni 80 kati ya 100. Kama kukwama mlango mmoja hakuhusiani na kukwama mwingine, wanaopita ni 41. Na kama kila mlango una watu wake unaowakwamisha, huyu kwa umbali, yule kwa fedha, mwingine kwa kukosa damu, wanaopita wanaweza kuwa 20 tu. Namba ni nne zilezile, na jibu linaweza kuwa 20 au 80. Hali hizo zinadai matumizi tofauti kabisa ya fedha: ya kwanza inataka nguvu zote ziende kwenye vijiji vichache, ya mwisho inataka marekebisho kila mahali. Anayesoma viashiria vimoja vimoja hawezi kujua yuko katika hali ipi.

Ile bilioni 5 yenyewe ilipatikana kwa kukadiria. Watafiti walichukua nchi 196, wakakadiria kwa kila moja uwezekano wa mtu kufika kwa wakati, kukuta uwezo, kupasuliwa salama na kumudu gharama, wakaunganisha makadirio hayo na kupata bilioni 4.8. Kwa Afrika Mashariki, ya Kati na Magharibi zaidi ya asilimia 95 ya watu walionekana hawana huduma kamili. Kwa kuizindua dunia kazi hiyo ilitosha. Mganga Mkuu wa Mkoa anayetakiwa kuamua kama fedha za mwaka huu ziende kwenye gari la wagonjwa, mtaalamu wa usingizi au akiba ya damu anahitaji kitu kingine.

Tumfuate mtu wa mfano, mvuvi wa delta ya Rufiji mwenye ngiri. Ameishi nayo miaka, kila jioni anairudisha ndani kwa mkono. Upasuaji wake, ukipangwa, ni wa muda mfupi, kwa ganzi, na anaweza kurudi nyumbani siku inayofuata. Haendi, kwa sababu nauli ya boti, chakula cha ndugu atakayemsindikiza, na majuma ya kukaa bila kuvuta nyavu vyote vinatoka mfukoni mwake. Usiku mmoja ngiri inanasa. Anatapika, tumbo linajaa. Mkondo umekauka, maji yamekupwa, boti haipiti hadi yajae. Asubuhi anafika zahanati, anapewa sindano ya maumivu na barua ya rufaa. Bodaboda inampeleka kituo cha afya chenye chumba kipya cha upasuaji, lakini mtaalamu wa usingizi ni mmoja na yuko masomoni. Anapelekwa mbele. Anapowekwa mezani, kipande cha utumbo kimeshaoza, na kazi ambayo ingekuwa ndogo imekuwa ya kufungua tumbo, kukata na kuunga. Anatoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Siku ya nne, wodini, anafariki kwa maambukizi.

Sasa tusome jinsi mfumo wetu ulivyomhesabu. Idadi ya upasuaji imeongezeka kwa mmoja. Kituo kile cha afya kimo kwenye orodha ya vituo vinavyotoa upasuaji. Safu ya matokeo inasema "mazuri". Kifo chake kiko kwenye daftari la wodi, kimeandikwa kama maambukizi, na madaftari hayo mawili hayakutani. Jirani yake mwenye ngiri kama yake, aliyefia kwenye boti, hayupo popote. Na mvuvi huyu si mgonjwa wa nadra. Mwaka 2016 watafiti wa nchi 25 za Afrika waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya nzuri kuliko wanaopasuliwa kwingineko. Asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji, yaani baada ya safu ya matokeo kuwa imeshajazwa.

Namba zikisomwa vibaya hupotosha kuliko kutokuwa nazo

Kosa la kwanza na kubwa ni kudhani kwamba upasuaji ukiongezeka, upatikanaji umeongezeka. Lengo la 5,000 lilitokana na kulinganisha nchi: zilizofikia kiwango hicho ndizo ambazo watu wake wanaishi miaka mingi na vifo vya uzazi ni vichache. Ni uhusiano kati ya mambo mawili, na nchi yenye upasuaji mwingi huwa pia ina barabara, shule na fedha. Kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, lengo hilo linamaanisha upasuaji zaidi ya milioni 3 kila mwaka nchini Tanzania. Katika ule utafiti wa nchi 25, kiwango cha kati kilikuwa 212 kwa kila watu 100,000. Pengo la namna hiyo linamshawishi mtu kulijaza kwa upasuaji ulio rahisi kuongezeka, na kwetu huo ni wa kujifungua. Katika utafiti huohuo, mmoja kati ya kila wagonjwa watatu alikuwa mama aliyepasuliwa ili ajifungue.

Upasuaji huo umeokoa maisha mengi na ninautetea. Kwa Tanzania, tafiti za idadi ya watu na afya zinaonyesha ulipanda kutoka asilimia 6 ya uzazi mwaka 2015/16 hadi 11 mwaka 2022. Kenya ilitoka 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango kikishavuka takriban asilimia 10, ongezeko zaidi halionekani kupunguza vifo katika jamii. Mtu akiangalia 11 anaweza kuhitimisha kwamba tumefika. Ndani ya 11 hiyo yumo mama wa mjini mwenye bima aliyepasuliwa bila sababu ya kitabibu, na nje yake kuna mama wa kijijini aliyesukuma siku mbili, mtoto akafa, naye akabaki na fistula. Kwenye wastani ziada ya mmoja inafunika upungufu wa mwingine. Hata waliopata hawako salama sawasawa: miongoni mwa wanawake waliopasuliwa katika utafiti ule wa Afrika walifariki zaidi ya 5 kwa kila 1,000, takriban mara 50 ya nchi tajiri.

Kosa la pili ni kuona shida yote kuwa uhaba wa madaktari bingwa. Lengo la 20 kwa kila watu 100,000 lingetaka tuwe na mabingwa zaidi ya 12,000. Tuwasomeshe, bila shaka. Lakini Tanzania imekuwa ikipasua kwa miongo mingi kwa mikono ya madaktari wasaidizi, kada iliyoanza kufunzwa mwaka 1963. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na ubora wa kazi yao haukutofautiana kwa maana na wa madaktari wenye shahada. Kiashiria kinachohesabu mabingwa pekee kinaifanya hospitali inayopasua kila siku ionekane haina mtu. Upande wa pili ni mbaya zaidi: bingwa aliyepangiwa hospitali isiyo na mtaalamu wa usingizi, damu, oksijeni au mafuta ya jenereta anahesabiwa kama huduma, na huduma haipo. Mwaka 2010 ilikadiriwa kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa hata na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu.

La tatu ni kuisifu hospitali yenye vifo vichache. Hospitali inayompa rufaa kila mgonjwa mwenye hali mbaya itakuwa na vifo karibu na sifuri, na ile inayompokea itaonekana machinjio. Vifo vinasomeka tu vikiwekwa pamoja na idadi ya upasuaji, hali ya mgonjwa alipofika, na kama ulikuwa wa dharura au wa kupangwa.

Kuhusu ramani nina neno zaidi, kwa sababu ndizo zinazopendwa na watunga sera. Mwaka 2018 watafiti, wakiongozwa na timu iliyoko Nairobi, walichapisha orodha ya hospitali za umma 4,908 Afrika kusini mwa Sahara na kukokotoa kwamba asilimia 29 ya watu wanaishi zaidi ya saa 2 kutoka iliyo karibu nao. Ni kazi nzuri na ya lazima. Ila kompyuta inampa kila mgonjwa gari linalomsubiri mlangoni na barabara ya kiangazi. Haijui kwamba Ukerewe usafiri wa kuvuka maji unafuata ratiba, kwamba mvua za masika zinakata njia, wala kwamba mume lazima apigiwe simu kwanza atume nauli. Rwanda, nchi ndogo yenye barabara za kupigiwa mfano, watafiti waliwauliza akina mama waliojifungua kwa upasuaji walitumia muda gani njiani. Muda waliousema ulikuwa mrefu kuliko ule wa ramani. Na kufika kwenyewe hakutoshi. Nchini India, uchambuzi wa vifo vya mwaka 2010 ulikadiria kwamba watu wapatao 72,000 walio chini ya miaka 70 walikufa kwa magonjwa ya dharura ya tumbo, na kwamba vifo kama 50,000 vingeepukika iwapo kila mtu angekuwa ndani ya kilomita 50 kutoka hospitali iliyokamilika. Nasisitiza neno hilo, iliyokamilika: yenye watu, usingizi, damu na maabara, saa 24.

Kuna kosa moja la fedha ambalo huwa linaniuma. Tume ya 2015 ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka wanapata gharama za kuangamiza kaya kwa kulipia upasuaji, na wengine milioni 48 kwa gharama za pembeni kama usafiri na chakula. Takwimu hizi zinamwona aliyelipa. Aliyekaa nyumbani kwa kukosa nauli hakutumia hata shilingi, kwa hiyo kwenye utafiti wa matumizi anaonekana amelindwa. Kaya iliyokata tamaa na kaya yenye bima nzuri zinaandikwa sawa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililielewa hili mapema: tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike, na waliofika wakaongezeka. Matibabu yalikuwa bure hata kabla ya hapo. Kilichowazuia kilikuwa nauli, na hakuna kiashiria hata kimoja kati ya vile sita ambacho kingekionyesha.

Tuhesabu nini, na nani ahesabu

Nitaanza na mfano wa nyumbani unaothibitisha kwamba asili inaweza kujulikana. Mabusha ni ugonjwa wa upasuaji, na ukanda wa pwani unayo mengi kwa sababu ya mbu na minyoo ya matende. Nchi inayotaka kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imemaliza matende kama tatizo la afya ya umma lazima ionyeshe, eneo kwa eneo, idadi ya watu wenye mabusha na matende na mahali wanapoweza kutibiwa. Kwa hiyo programu ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele hulazimika kuwatafuta wanaume hao vijijini na kuwaandika kwa majina, kabla ya kambi ya upasuaji kufika Lindi, Mtwara, Tanga au Dar es Salaam. Hapa mgonjwa anahesabiwa kwanza, upasuaji baadaye, na mratibu anaweza kusema wamebaki wangapi. Ni ugonjwa wenye aibu kubwa, wanaume wanauficha, na bado wanahesabika. Anayesema ngiri, mdomo sungura au miguu iliyopinda haiwezi kuhesabiwa namna hiyo anapaswa kueleza kwa nini busha limewezekana.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe, mara moja kwa mwaka, orodha ya magonjwa machache yanayoonekana kwa macho au kwa swali moja: uvimbe wa ngiri, busha, mtoto wa jicho, fistula, mfupa ulioungana vibaya, mdomo sungura. Sierra Leone walifanya utafiti wa kaya wa aina hii mwaka 2012. Mtu mmoja kati ya wanne waliohojiwa alikuwa na tatizo linalohitaji mtu wa upasuaji, na robo ya vifo vilivyotokea katika kaya hizo mwaka uliotangulia huenda vingezuilika kwa upasuaji. Rwanda na Uganda nazo zilifanya utafiti wa aina hiyo. Sisi tunayo maeneo kama Ifakara, Rufiji na Magu ambako kaya zimefuatiliwa kwa miaka mingi na sababu za vifo kuulizwa kwa ndugu wa marehemu. Swali la aliyekufa kwa tumbo la ghafla linaweza kuchambuliwa humo bila kuanzisha mradi mpya.

Daftari la chumba cha upasuaji libadilishwe. Liongezwe safu nne za saa: dalili zilipoanza, mgonjwa alipoondoka nyumbani, alipofika hospitalini, na kisu kilipogusa ngozi. Hizo zinaonyesha ucheleweshaji umetokea wapi kati ya uamuzi, njia na hospitali yenyewe. Iongezwe ya tano ya dharura au kupangwa, na safu ya matokeo isijazwe siku hiyo. Ijazwe mgonjwa anaporuhusiwa au siku ya 30, kwa simu ikibidi. Ndugu wa wagonjwa karibu wote wana simu, na muuguzi mmoja anaweza kuwapigia wa juma zima katika mchana mmoja. Si kazi ngeni kwetu. Hospitali ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa walifuatiliwa hadi walipotoka au siku 30, na kwa hospitali zote nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Upungufu ule ulionekana kwa sababu kuna mtu aliyesubiri kabla ya kuandika matokeo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha ngiri. Kila wilaya ihesabu ngiri zilizopasuliwa kwa kupangwa na zile zilizofika zimenasa, hasa zilizolazimu utumbo kukatwa. Pale watu wanapofikiwa na huduma, karibu zote hupasuliwa kwa kupangwa. Uwiano wa dharura ukiwa mkubwa, kuna watu nje wanaosubiri hadi hatari, na unajua hivyo bila ramani wala utafiti wa kaya. Data ziko ndani ya madaftari ya leo, na mganga mfawidhi anaweza kuzitoa mwenyewe kwa jioni mbili.

Pia ningependa orodha ya vituo vinavyotoa upasuaji ifutwe, nafasi yake ichukuliwe na hesabu ya usiku. Simu ipigwe kituoni saa 8 usiku, siku zisizotarajiwa, kuuliza: mama akija sasa hivi anavuja damu, yupo wa kupasua, yupo wa usingizi, kuna damu, kuna umeme, kuna oksijeni? Kituo kiripotiwe kwa asilimia ya usiku ambao majibu yote yalikuwa ndiyo. Mbunge anayeuliza bungeni kuhusu majengo aulize kuhusu usiku huo.

Hofu yangu ni moja. Namba hizi zikifanywa fimbo ya kuwachapa waganga wafawidhi, zitapikwa kabla ya robo mwaka kwisha, na wagonjwa wazito watapewa rufaa ili wakafie kwingine. Tunayo njia ya kuepuka hilo. Vifo vya uzazi vinaripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa katika vikao ambavyo shabaha yake ni kujua kilichokosekana. Vikao hivyohivyo vipokee vifo vya upasuaji, na hata cha mtu aliyefia nyumbani kwa tumbo, akiletwa na mhudumu wa jamii. Ningeanza na mikoa miwili, mmoja wa mwambao na mmoja wa Ziwa, kwa mwaka mmoja. Muda wa mpango wa 2018 hadi 2025 umekwisha. Utakaoufuata uandike, kwa kila mkoa, uwiano wa ngiri zinazofika zimenasa na mwaka ambao unatakiwa kupungua kwa nusu, ndipo uandike idadi ya vyumba vya kujengwa.